Bucha la Baba, Genge la Mama

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi, baada ya dua ya kutimiza nusu karne ya bucha letu hapa Magomeni, Dar es Salaam. Ndugu wa Kondoa hawakuweza kuja, na majirani wengine walikuwa msibani. Wameomba wayasome kama yalivyosemwa.

Assalaam alaykum. Majirani zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama, shikamoo. Najua nimekuamkia asubuhi, lakini mbele ya watu inabidi nirudie, usije ukaambiwa umezaa mtoto asiye na adabu.

Nimepewa dakika ishirini nieleze historia ya bucha. Kaka alikuwa ameandaa picha za kuonyesha pale ukutani, na umeme mmeuona wenyewe ulivyotufanyia. Basi mtanisikiliza tu. Habari za umeme nitazifikia, maana nao umo katika historia hii.

Ndugu zangu, historia ya bucha mnaijua. Kijana wa Kirangi alitoka Kondoa, akapanda treni Dodoma, akashuka Dar es Salaam hana kitu. Akabeba nyama za watu mgongoni. Akanunua panga. Mwaka 1973 akafungua bucha lake. Kila Iddi tunaisimulia hadithi hii, na kila Iddi mzigo wa baba unaongezeka uzito. Tulianza na paja. Mwaka jana alikuwa amebeba ng'ombe mzima na pembe zake.

Sasa naomba niwaulize. Ubao wa pale nje umeandikwa nini? Bucha, na jina la baba. Na lile dirisha la pembeni, mnaponunua nyanya, chumvi na sabuni, juu yake pameandikwa nini? Hapajaandikwa kitu. Nusu karne, hapajaandikwa kitu! Leo nitasema habari za dirisha lile. Wajomba msininunie.

Kwanza tuelewane bucha ni biashara gani, maana humu wamo vijana ambao nyama wanaikuta imeshaingia kwenye mfuko. Ng'ombe wa Dar es Salaam si wa Dar es Salaam. Anatoka Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, anashushwa mnadani Pugu, na safari yake inaishia machinjioni Vingunguti. Muuza nyama anamnunua kwa jicho. Anamzunguka, anampapasa mgongo, anamtazama mkia, anasema huyu atatoa kilo kadhaa. Jicho likikosea, hasara yako. Na ng'ombe hana steki mwili mzima, jamani. Ana mifupa, ana kichwa, ana makongoro, ana utumbo, ana mapafu ambayo yanataka mteja mwenye mapenzi nayo. Baba alikuwa akiamka saa nane za usiku ili saa kumi na mbili nyama iwe imeshatundikwa. Na friji hakuna. Baba mwenyewe alikuwa akisema, saa tatu asubuhi nyama ni bibi harusi, saa kumi jioni ni mgonjwa.

Basi katika miezi ile ya mwanzo nyama iliuzwa, na pesa haikuonekana. Mama akakaa kwenye ngazi, ana mimba ya kaka huyu wa picha, akawa anatazama wateja wanavyoondoka. Akagundua jambo. Mtu ananunua nusu kilo, inafungwa kwenye gazeti, anaishika mkononi anakwenda nayo sokoni kutafuta nyanya na nazi. Huko sokoni kuna mabucha mengine. Kesho anajiuliza, kwa nini nizunguke mara mbili? Anahama. Mama akatandika gunia chini, akapanga mafungu matano ya nyanya, vitunguu, ndimu, na nazi mbili. Mbili tu! Genge likaanzia hapo, juu ya gunia.

Halafu akaigeukia mifupa. Baba alikuwa ana ugomvi na mifupa. Kila mteja anataka nyama tupu, mfupa unabaki unamtazama. Mama akaweka sufuria nyuma ya nyumba, usiku makongoro na mifupa vinachemka, alfajiri supu, na pilipili na ndimu za gengeni kwake. Makuli na madereva wakawa wanapita kunywa supu kabla ya kazi. Na ile nyama ya saa kumi jioni, ile mgonjwa, akaikaanga na chumvi kabla haijafa, akaiuza na ndizi. Kaka anapenda kusema bucha lilipata friji mwaka 1988. Mimi nasema friji la kwanza la bucha hili ni huyu mama aliyekaa hapa mbele.

Mnapiga makofi, sawa, ila bado sijafika penyewe. Penyewe ni daftari.

Wangapi hapa mmewahi kuandikwa kwenye daftari la mama? Nyosheni mikono. Msiogope, leo sidai. Mnaona? Hata shehe ameinua.

Mama alipoolewa alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Madeni ya mwanzo aliyachora ukutani kwa mkaa. Fimbo ni fungu la nyanya, duara ni nazi, na mteja ana alama yake: cherehani kwa fundi, usukani kwa dereva, chaki kwa mwalimu. Mvua ikaingia, ukuta ukalia, madeni ya mtaa mzima yakafutika kwa usiku mmoja. Watu wengine walimshukuru Mungu sana kwa mvua ile.

Mtakumbuka wazee, mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea kila mahali. Baada ya ule msiba wa ukuta, mama akaenda kisomo. Jioni, mtoto mgongoni, kwenye madawati ya watoto wa shule. Mwalimu wa kisomo aliwafundisha kuandika barua kwa ndugu. Mama hakuandika barua. Aliandika: fundi, nazi moja, vitunguu fungu. Daftari hilo la kwanza ninalo, jalada limeliwa na mende, mwandiko umelala kama mchele uliopigwa na upepo, lakini unasomeka.

Na baba je, hakuwa na daftari? Baba alikuwa na mali kauli. Wafanyabiashara mnaijua. Unachukua mzigo bila pesa, kwa mdomo tu, ukiuza unalipa. Mchuuzi wa ng'ombe anakupa ng'ombe, kesho kutwa unamletea chake. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Benki gani ingempa mkopo mwenye panga na gogo? Mali kauli ndiyo iliyokuwa benki yake. Ila ina sharti moja: ukivunja kauli mara moja tu, umekwisha, na mnada mzima utajua kabla hujafika nyumbani.

Ikatokea siku baba amechukua ng'ombe wawili kwa mali kauli. Wakachinjwa. Mkaguzi akapita na kisu chake, akapasua hapa, akapasua pale, akakuta minyoo ya tegu kwenye nyama. Mmoja akataifishwa mzima. Wa pili naye vivyo hivyo. Hakuna mhuri, hakuna nyama, na deni la watu liko palepale. Baba alirudi nyumbani na panga likiwa kavu. Mama anasema hakumsemesha. Alichukua daftari, akajifunga kanga, akaanza nyumba ya kwanza. Jioni ya kwanza, jioni ya pili, jioni ya tatu. Mwenye kutoa shilingi akatoa, mwenye kutoa senti akatoa, mmoja alimpa kuku. Siku ya nne baba alikwenda kumlipa mchuuzi pesa yake yote. Mchuuzi akamuuliza, nimesikia ng'ombe wako walikataliwa, umeipata wapi? Baba akajibu, biashara ni kujipanga.

Kujipanga! Miaka arobaini baba alikuwa akiisimulia hadithi hii, na kila mara aliishia kwenye hilo neno.

Nisonge mbele, maana naona wapishi wananitazama. Miaka ya shida. Mapema mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yafungwe, nafasi yake ishikwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Haikudumu, lakini habari kutoka mikoani zilitosha. Mama alikuwa ameshapanda cheo, ana rafu, anauza mchele, mafuta ya kupima, viberiti. Akavishusha vyote, akarudi kwenye gunia la nyanya. Akasema, nyanya hazina operesheni.

Kisha vita vya Kagera, kisha ukame wa bidhaa. Sukari kwa mgao, sabuni kwa mgao, unga wa njano ambao watu waliuita unga wa Yanga. Foleni ya duka la kaya unaweka jiwe lishike nafasi yako, ukirudi mawe yamesogea na lako limeachwa nyuma, sijui yalikuwa yanasogezwa na nani. Nyama nayo ilikuwa na bei ya serikali, na bei ya serikali ng'ombe hakuijua. Sitawadanganya kwamba bucha letu halikuwa na nyama ya chini ya meza. Lilikuwa nayo. Baba amekwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na wengi mlioila mko hapa.

Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Watu walitupa mali usiku, vichakani, baharini. Kwetu chini ya kitanda palikuwa na katoni mbili za sabuni ya miche ambazo mama alizipata, nisiseme kwa njia gani. Baba akasema, usiku huu zikatupwe Msimbazi. Mama akasema, sabuni ya kutupa sina. Akachukua uzi, akaikata ile miche vipande vipande, akatutuma watoto nyumba kwa nyumba, kila mlango kipande kimoja ndani ya bakuli la mboga. Mimi nilikuwa na miaka saba. Kesho yake mtaa mzima ulifua. Kamba zote zimejaa, mashuka meupe kutoka kona hii hadi msikitini. Kama kuna mpelelezi alipita siku ile, sijui aliripoti nini.

Na kwenye daftari aliandika. Hakuandika bei, aliandika majina tu na neno "kipande". Wengine walilipa mambo yalipolegea, bajeti ya 1984 ilipofungua bidhaa kutoka nje, na Mzee Mwinyi alipoingia mwaka 1985 na ruksa yake. Wengine hawakulipa mpaka leo. Majina ninayo.

Miaka ya ruksa naipita haraka, ilikuwa mizuri na mambo mazuri hayana hadithi. Rafu zilirudi, friji likaja, duka likaungana na bucha kwa mlango wa ndani. Mshindani wetu mkubwa alikuwa Mangi wa kona ya pili, na tulikuwa tukipumua tarehe 20 Desemba akifunga kwenda kwao Kilimanjaro. Tukaambiwa pia maduka makubwa ya kisasa yatatumeza. Shoprite ilikuja, mwaka 2014 ikaondoka. Uchumi ikaja, mwaka 2015 ikaondoka. Nakumatt nayo ikafuata. Mimi nilikwenda kuyatazama, yalikuwa mazuri, baridi tupu. Lakini umewahi kuingia humo ukasema, nikatie nyama ya elfu mbili, uniwekee na kamfupa, nitakupa jioni?

Sasa nije mwaka 2006 na 2007, na hapa naomba tulieni.

Baba alikuwa amechukua mkopo, akanunua mafriji mawili makubwa ya kugandisha. Alitaka kununua ng'ombe wengi wakati bei iko chini. Wazo zuri kabisa. Mwaka 2006 mvua zikakosekana, maji yakapungua kwenye bwawa la umeme la Mtera, umeme ukawa wa mgao, mchana hakuna, usiku kidogo. Nyama inayeyuka, inaganda, inayeyuka. Tukaiuza kwa hasara, nyingine tukaizika. Baba akajikaza, akasema mwaka mpya utakuwa na nafuu.

Mwaka mpya ukaja na homa ya Bonde la Ufa. Mnaikumbuka? Ilianzia kwa mifugo, ikaingia kwa watu, Dodoma ikapigwa vibaya kuliko mikoa yote, na nchini walifariki watu zaidi ya mia moja. Redio asubuhi, redio jioni: nyama, nyama, nyama. Nani atanunua nyama? Wataalamu walisema iliyopimwa na kupikwa ikaiva haina neno, lakini mtu haendi dukani na mtaalamu. Mabucha mtaa wa pili yalifungwa. Letu lilikuwa wazi, inzi peke yao ndio waliokuwa wakiingia. Na huko Kondoa walikuwa ndugu zetu wenye mifugo, kila simu ikilia tunaogopa kupokea. Baba alikaa kwenye kigoda, panga magotini, anatazama barabara. Siku ya kwanza, siku ya pili, wiki, wiki mbili.

Na pale dirishani? Foleni! Watu wasipokula nyama wanakula nini? Maharage, kunde, dagaa, mayai. Mama alishawahi kuyaona haya, si kwa homa, kwa njaa. Ndani ya wiki moja alikuwa ameshajaza magunia. Mkopo wa yale mafriji, yale mafriji matupu yaliyokuwa yakinguruma umeme ukirudi, ulilipwa kwa dagaa.

Mizani ya genge ilikuwa ndogo, foleni ikawa haisogei. Asubuhi moja baba akainuka. Akaisafisha mizani ya nyama kwa maji ya moto, akaibeba mwenyewe, akaitundika dirishani. Akasimama pale na koti lake jeupe la bucha, anapima maharage. Jirani mmoja, yuko hapa simtaji, akapiga kelele, "Mzee, leo unauza steki ya maharage?" Baba akamjibu, "Ina mafuta kidogo, nikukatie?"

Nilikuwa mtu mzima tayari, na sikuwahi kuwaona wazee wangu wamesimama dirisha moja. Ilikuwa mara ya kwanza.

Baba alifariki kabla mabasi ya mwendokasi hayajaanza kupita Morogoro Road, mwaka 2016. Yalipoanza, viwanja vya Magomeni vikapanda bei, na sisi watoto tukapandwa na wazimu. Nasema sisi, nami nimo. Tulikaa kikao cha mirathi, wengi wetu tukataka kuuza, tugawane kwa sheria. Leseni ya nani? Baba. Kiwanja cha nani? Baba. Mama akaambiwa fungu lake kama mjane mwenye watoto ni thumni.

Mama akauliza, "Thumni? Si senti hamsini hiyo?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa sulufeti, akaumwaga mkekani. Madaftari. Miaka yote, yamefungwa kwa kamba za katani. Akamwita kaka asome. Kaka akasoma: friji, 1988, malipo kutoka gengeni, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bati za paa. Ada ya leseni. Ada ya shule ya kaka mwenyewe anayesoma! Akafika hapo sauti ikakatika.

Mzee wetu mmoja anayejua mambo ya mahakama akasema, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikwishaamua kwamba kazi ya mke nyumbani nayo ni mchango katika mali ya ndoa, seuze huyu aliyeandika mpaka senti. Kabla ya kugawa cha marehemu, toeni kwanza cha aliye hai. Nusu ya kila kitu ikawa ya mama. Iliyobaki ndiyo iliyogawanywa. Bucha halikuuzwa. Wiki iliyofuata mama akanipa koti la baba, akaniambia, wewe una mkono wa kukata. Mpaka leo wateja wageni wananiangalia na panga langu wananiuliza mwenye bucha yuko wapi.

Jambo la mwisho, kisha tule. Nyumba za kota, zile za serikali hapa Magomeni, zilipobomolewa, wateja wetu wengi walitawanyika na madeni yao, tukasamehe. Mwaka 2022 majengo mapya yakafunguliwa, kaya 644 zikawa na haki ya kurudi. Siku moja akaja binti pale dirishani. Akasema, "Marehemu mama yangu alikuwa mwalimu, alituachia maneno kwamba hapa kuna deni la nazi tatu na nyama nusu kilo." Nikatafuta daftari, nikalipata deni. Lilikuwa limekwishakatwa mstari, kwa mkono wa mama, zamani. Nikamwambia yule binti, dada, hudaiwi.

Mama akaniita kando. "Mtu ametoka na deni la mama yake mpaka hapa, wewe unamrudisha nalo? Pokea." Nikapokea. Kwa bei ya leo ya nyama na nazi, na mama alipiga hesabu yeye mwenyewe.

Fundi wa maandishi alikuja jana kupaka ubao mpya. Nilitaka jina la mama liandikwe. Amekataa, anasema jina lake si la kunyeshewa mvua. Tumekubaliana iandikwe "Bucha na Genge", herufi za genge ziwe kubwa sawasawa na za bucha. Nimepima kwa rula.

Pilau iko tayari, nyama ni yetu, vitunguu ni vya dirishani. Kina mama kushoto, wazee mtaletewa mlipokaa. Na yule kijana aliyesimama mlangoni na daftari, msimkimbie. Au mkimbieni, anawajua kwenu.